Shavu ya tonton Lambert

Jemima, uko? Jibu basi! Niko mu cuisine, jikoni kwa tantine Colette, nimejificha.

Ile portrait ya tonton Lambert, picha yenye nilichora ya kumaliza matanga leo, mwaka moja tangu afe. Unakumbuka vile maître Alfani alikuwa ananirudilia kila siku ya kujifunza: "Rangi ya mafuta haina haraka, iache ikauke"? Mi shavu nilirudilia kuipaka juzi. JUZI, Jemima! Na mvua hii yote!

Bon, nilisema nitaitundika juu kwa ukuta, nani atagusa?

Balipoondoa liputa, kitenge yenye ilifunika ile tableau, batu bote bakasogea karibu. Tantine akaangalia, akasema: "Lambert, njo weye."

Njo weye, ni yeye kabisa! Ile macho ilinitesa wiki tatu kuichora, na mujane wake anasema njo weye. Nilitaka kulia.

Alafu akaishusha kwa ukuta, akaikumbatia. Akaweka shavu yake juu ya shavu ya tonton na akasugua, akasugua. Mi napiga kelele: "Tantine, iko mubichi!" Batu balizani ni kilio, na bo bakaanza kulia.

Alipoinua kichwa, tonton hakuwa tena na shavu. Ilikuwa kwa uso ya tantine.

Nikakimbia na kitambaa na pétrole, nikapiga magoti: "Tantine, pardon, nikupanguse."

Akanishika mukono. "Acha. Mwaka muzima hajanigusa."

Jemima, kitambaa ningali nayo mu mukono. Nifanye nini?