Malkia wa Nangwa Hawahami

Dada Martina,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nimelelewa Masieda, na mkubwa hapewi habari kabla ya salamu. Sasa pokea habari: timu haihami. Malkia wa Nangwa wanabaki Nangwa, na jina lao, na nafasi yao ya ligi kuu. Sentensi hiyo nimeiandika asubuhi, nikaisoma kwa sauti, nikaenda kunywa chai, nikarudi kuisoma tena.

Ulipofariki hukujua lolote kuhusu jambo hili, na hilo nashukuru. Mwenyekiti wetu, yule uliyekuwa ukimwita Mheshimiwa Suti, alingoja arobaini yako ipite, akaitisha kamati. Alikuwa amepata watu wa mjini wanaotaka timu ya ligi kuu bila kuanzia madaraja ya chini. Nafasi yetu iende kwao, jina lifutwe, wasichana wafuate huko. Wajumbe watano, kura tatu kwa mbili. Timu uliyoilea kuliko hata nyumba yako ikaondoka kwa mikono mitatu iliyonyooshwa juu.

Nilipigana, unanijua. Nilimwandika gazetini mpaka mhariri akanipigia simu kuuliza kama nina wakili. Niliwaandikia wasimamizi wa ligi kurasa kumi na mbili, na nikadhani nimewamaliza. Walijibu kwa mistari miwili: katiba ya klabu inaipa kamati mamlaka hayo, nao wanafuata katiba.

Katiba hiyo, Martina, niliiandika mimi.

Nilikuwa nimekaa jikoni kwako Dongobesh, wewe unapukuchua mahindi, mimi najidai na kalamu. Ulisema, "Waweke na mama zao humo. Bila wao hakuna mtoto atakayekuja mazoezini." Nikakujibu kwamba hii ni klabu, si kikoba, na kwamba mama hao hao ndio wanaowaoza mabinti kabla hawajamaliza shule. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi mwaka ule. Uliniangalia, ukasema, "Umesoma mpaka majirani zako huwaoni," ukaendelea na mahindi yako. Hukulitaja tena. Ningependa ungenigombeza.

Na majirani hao walikuwepo tangu mwanzo. Nani alileta majivu? Chokaa ya kuchora uwanja hatukuwa nayo, ukamwambia kila msichana aje na kopo la majivu kutoka jikoni kwao, na kila Jumamosi mistari ilitoka kwenye mafiga ya Nangwa nzima. Nani alimnyamazisha yule mzee siku ya mikataba ya kwanza, aliyeuliza, "Mkataba na nani? Bwana harusi yuko wapi?" Mkewe ndiye aliyemwambia, "Bwana harusi ni mpira, na umeshapokea mahari, kaa chini." Tulicheka mpaka kalamu ikakuanguka. Nililiona hilo kwa macho yangu na bado sikuelewa.

Basi, Mheshimiwa Suti alikwenda kambini na fomu za uhamisho, wasichana wakaanza kusaini. Alipofika kwa Upendo, kipa wetu, yule binti wa Kibarabaig mwenye mikono mirefu, Upendo akasema atamuuliza mama yake kwanza. Mwenyekiti akamjibu mbele ya timu yote, "Mama yako anajua nini? Kazi yake ilikuwa kukuzaa, ameshamaliza."

Yeye mwenyewe ni Mbarabaig. Alizaliwa nyuma ya mlima Hanang. Amekaa mjini mpaka akasahau kwamba kwao neno la kudharau uzazi halisemwi, na kwamba likisemwa, si la polisi wala la wazee wa kiume. Ni la akina mama.

Walikuja siku mbili baadaye, asubuhi, na fimbo zao, wengine wamevaa sketi za ngozi za ndoa. Wakakaa katikati ya uwanja, mazoezi yakasimama. Mama za wachezaji wa Kiiraqw wakakaribishwa wakae nao. Nilifika na faili langu chini ya kwapa, na kabla sijafungua mdomo mama yake Upendo akanigeukia, "Wewe wa magazeti, kaa chini. Leo huandiki." Nikakaa, mimi ambaye nimeandika mara ngapi kwamba mila ni pingu za mwanamke. Bado naamini nyingine ni pingu, na nitaendelea kuzipiga. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekalia nyasi, nikiwa bubu, na mila ilikuwa inafanya kazi niliyoshindwa.

Mwenyekiti akaitwa, akaja anacheka. Alipoona nani amekaa mbele, kicheko kikaisha. Mama yake mzazi. Hakumpokea hata shikamoo. Alimuuliza swali moja tu, taratibu, "Mimi nami nimeshamaliza?"

Akina mama wakasema maneno yao kwa zamu, kisha wakatoa hukumu: faini ya dume jeusi la ng'ombe, na kila alichokichukua kwa binti zao kupitia mdomo ule akirudishe, fomu na nafasi ya ligi pamoja. Akikataa, atalaaniwa, na hakuna mwanamke atakayekanyaga kwake, hata akifiwa. Mahakamani angeweka wakili. Hapa angemweka nani? Alirudisha fomu mchana huo. Jumatatu kamati ikakaa, kura tano kwa sifuri, barua ikafika kwa wasimamizi wa ligi siku moja kabla usajili haujafungwa. Dume lilifika Jumatano, na lilikuwa jeusi kweli, walilikagua mpaka chini ya tumbo.

Nilipopata habari kwamba barua imepokelewa nilikuwa sokoni Dongobesh. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu la mtu. Mwenye gunia akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimepona. Tangu tulipokuzika kifua changu kilikuwa kimekazwa kama kwa kamba, na nilidhani ni majonzi tu. Kumbe nusu yake ilikuwa hofu kwamba nitakupoteza mara ya pili, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili tulicheza nyumbani. Sare, moja kwa moja, na Upendo alifungwa goli la kizembe ambalo ungelisema wiki nzima.

Mkutano mkuu ni Jumamosi. Nitasimama mbele ya wanachama wote na akina mama wale, nitasema kwamba niliwaacha nje ya katiba kwa kiburi changu, kisha nitawauliza wanataka kuandikwa vipi. Sitapeleka rasimu. Nitapeleka karatasi tupu, nami nitaandika watakachosema wao.

Pumzika, dada yangu. Sasa unaweza.

Mdogo wako,
Paulina