Profesa wa Joanna Simwamini

Barabara ya Lincoln,
Zeeland, Michigan.
27 Aprili 2019

Mpendwa mdogo wangu Arlene,

Hujambo huko Arizona? Goti linasemaje? Sisi tu wazima, ila baridi imegoma kuondoka na maua ya tulipu yamejikunyata. Shemeji yako Gerrit anakusalimu. Tangu astaafu hanipi nafasi jikoni.

Sasa habari za binti yangu Joanna. Unajua ni miongoni mwa wanafunzi wachache waliochaguliwa chuoni kufanya utafiti wao wenyewe kabla ya kuhitimu. Wenzake wanachunguza damu na nyota. Wangu kachagua Zama za Kati. Mwaka mzima kainamia kitabu kimoja cha sala cha enzi hizo, kurasa zake ngozi ya ndama, na hata glavu havai. Nilipomkemea alicheka: "Mama, glavu ni za kwenye filamu. Mikono safi inatosha."

Msimamizi wake, Profesa Whitlock, aliandika zamani kwamba picha ya Mtakatifu Margareta kitabuni humo iliharibiwa na maji. Joanna akaona sivyo: uso ule umefutwa na midomo. Wajawazito walikuwa wakiubusu, wakiomba wajifungue salama. Sisi Waprotestanti hatubusu picha, lakini nililia, Arlene. Unajua nilivyohangaika kumpata huyu mmoja.

Sasa niambie, profesa mzima akikosolewa na binti mdogo, atafurahi? Huyu alitabasamu, kisha akaomba picha zote alizopiga Joanna na kila alichoandika. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia Joanna, "Huyo atakuibia. Mwezi wa tano utamsikia anausoma utafiti wako kwenye mkutano wao wa wanazuoni kule Kalamazoo, jina lake juu." Akanijibu, "Mama, wewe hata mchungaji unamshuku." Namshuku, na sababu ninazo.

Alhamisi alikwenda kuitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa. Nilimfuata bila kualikwa, nimebeba banket, ile keki yetu ya lozi, nisionekane mpelelezi, nikakaa nje. Mara mlango ukafunguliwa, wakamtoa mwanangu, wakajifungia wenyewe. Damu ilinichemka. Nilipoinuka nigonge, Joanna akanivuta: "Mama, kaa chini! Ndiyo desturi, wanajadili alama." Desturi gani hiyo ya kumteta mtu huku yuko mlangoni?

Profesa akatoka, akampa mkono. "Hongera. Mimi ndiye niliyekosea miaka yote hiyo. Na kuanzia leo niite Philip."

"Akuite Philip kwa nini?" nikaruka.

Kumbe hiyo nayo ni desturi yao: ukifaulu, umekuwa mwenzao. Akanionyesha ratiba ya mkutano. Jina lilikuwa la Joanna peke yake. Niliona aibu, nikamkatia kipande kikubwa cha banket.

Akatafuna, akasema, "Mama Hoekstra, zile picha nilizituma chuo kikuu kimoja Uingereza nikimwombea nafasi ya kuendelea kusoma. Wamemkubali, na watamlipia kila kitu."

Joanna alikuwa akinitazama mimi. Alijua tangu Jumatatu, akashindwa kuniambia.

Wasalimie shemeji Ray na wajukuu, na yule jirani yako Bernice mwenye kinanda. Bwana awalinde mtokapo na mrudipo.

Kwa hiyo profesa sikumshuku bure, mdogo wangu. Nimelinda makaratasi, yeye kanichukulia mtoto. Anaondoka Septemba. Nimesema hongera, nimecheka nao mpaka mashavu yakauma, kisha nikaenda kulia garini. Njoo kabla ya hapo, tafadhali.

Dada yako akupendaye siku zote,
Marlys