Ahadi Niliyoiacha Kebeki

Saltley, Birmingham
Jumapili, 13 Machi 2005

Mpendwa Ami Muzamil,

Shikamoo. Naanza kwa kuubusu mkono wako kutoka huku mbali. Vipi hali yako, na vipi goti? Bi Safiya bado anakukanda kwa mafuta ya karafuu, au umeshamtoroka? Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Baridi mwaka huu imegoma kuondoka. Mwanangu Asmahan amekohoa tangu Januari, lakini sasa anakula.

Umeniuliza mara mbili habari za safari yangu ya Kanada, nami mara mbili nimekujibu mambo mengine. Nisamehe. Wewe ndiye uliyenisomesha historia, nikaona haya kukuandikia kabla sijaujua mwisho wake. Sasa naujua.

Tulikwenda Julai iliyopita, walimu kumi na mmoja wa skuli mbalimbali za hapa, wiki mbili, kusoma namna Wafaransa wa kwanza walivyokutana na wenyeji wa nchi ile, miaka mia nne iliyopita. Skuli yangu ilitoa wawili: mimi wa Kifaransa, na Ranjit wa historia, Singasinga mzaliwa wa Nairobi. Kiswahili chake cha bara kingekuchekesha, lakini yeye ndiye aliyekuwa ndugu yangu safari nzima.

Tuliona mahali meli zao zilipotia nanga, tukasoma nakala za barua za mapadri. Wafaransa wale walifika wachache, hawajui hata kutembea juu ya theluji. Wenyeji wakawafundisha, wakafanya nao biashara ya ngozi, wakawapokea vijana wao wakae nao wajifunze lugha. Kisha ndui ikaingia. Katika miaka michache, karibu nusu ya Wawendati, kabila mojawapo la wenyeji hao, walikufa.

Siku ya tano tulipelekwa kijiji cha Wawendati hao, nje kidogo ya mji wa Kebeki. Alitupokea Bi Clémence, mwanamke wa miaka sabini hivi, mwenye sauti ndogo. Alisema kwa Kifaransa, nami nikawatafsiria wenzangu. Mwalimu mmoja akauliza ni wapi tutaisikia lugha yao.

"Hakuna wa kukusemesheni," akajibu. "Wa mwisho kuizungumza alikufa kabla sijazaliwa. Tunaiokota neno neno katika makamusi ya mapadri."

Wenzangu wawili wakalia. Akawangoja wamalize, kisha akasema, "Kila kiangazi walimu huja. Hulia, hupiga picha, hunywa chai yangu, huondoka. Miaka tisa sasa, sijapata hata mstari mmoja kutoka kwa mtoto wanayemfundisha."

Ami, sijui nilishikwa na nini. Nilisimama nikasema, "Kwangu utapata. Watoto sitini watakuandikia kabla theluji haijaanguka."

"Usiahidi, mwanangu," alisema.

Nikaahidi tena. Akaniandikia anwani yake kwa mkono wake, akanishikisha karatasi.

Niliporudi skuli Septemba, Kifaransa hakikuwa lazima tena kwa watoto waliofika miaka kumi na minne. Madarasa yangu makubwa yakabaki na watoto watano. Kwa wadogo, mwalimu mkuu alichukua nusu ya vipindi vyangu akavitia hesabu na kusoma, maana wakaguzi walikuwa njiani. Nilimwomba vipindi vitatu tu vya kuandika barua. Akaniambia nisubiri ukaguzi upite. Ulipita Novemba, skuli ikaanguka, tukaambiwa itafungwa Julai. Theluji ya Kebeki ilishaanguka.

Nikasema basi, tutaandika wakati wa chakula cha mchana. Ranjit alinikanya: "Mwalimu, hawa wakubwa wamechoka na sisi. Unajiumiza bure." Lakini kila siku alikuja kuwaeleza watoto historia, huku akila mkate wake amesimama. Walijitokeza watoto kumi na mmoja, wakaandika kwa Kifaransa cha kuungaunga. Raho, msichana wa Kisomali wa miaka kumi na tatu, aliirudia yake mara nne. Alimwuliza Bi Clémence: "Mimi Kisomali nakielewa, lakini nikikisema jamaa zangu hucheka. Je, na nyinyi mnachekana?"

Mwalimu mkuu alipopata habari alizizuia barua. Alisema majina ya watoto hayaendi kwa mtu asiyemjua bila saini za wazazi. Fomu zikapelekwa majumbani, zikarudi mbili. Moja ilikuwa ya mama yake Raho. Ningeweza kuituma barua yake siku ile ile, Ami. Nikangoja ziende zote pamoja, nikazifungia kwenye kabati la darasa langu.

Likizo ya Februari wakasafisha vyumba. Niliporudi kabati halipo. Barua nilizikuta uani, ndani ya pipa kubwa la taka, zimelowa mvua, wino umechuruzika. Sikuweza kusoma hata moja.

Nilimwandikia Bi Clémence mwenyewe, ukurasa mmoja, ukweli wote. Hajajibu, na sidhani atajibu.

Kwa Raho nilikuwa mwoga. Kila Jumatatu aliniuliza, "Mwalimu, yule bibi ameshajibu?" Nami nikasema bado, kana kwamba barua zilikwenda. Ijumaa hii nikamwita nikamwambia kweli, kwamba hazikutumwa, zilitupwa.

"Hata yangu?"

"Hata yako."

Nikamsihi aandike nyingine, saini ya mama yake ninayo, nitaipeleka posta mchana ule ule. Alitikisa kichwa. "Nimeshasahau niliandika nini," akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Hakusahau, Ami. Nilimwona usoni.

Septemba nitahamia skuli moja ya Northfield, kusaidia watoto wasiojua kusoma. Kifaransa hakimo. Ranjit ameandika barua ya kuacha kazi. Mimi nikiacha sina pa kwenda, nimekubali.

Nisalimie Bi Safiya, kaka Amour na mkewe, na mzee Mwinjuma ukionana naye msikitini. Asmahan anakubusu, ingawa amelisema hilo kwa Kiingereza.

Usihangaike kunifariji. Ulinisomesha, ulistahiki kujua nilivyofundisha. Mungu akuweke katika afya na akupe umri wenye kheri.

Binti wa nduguyo, akupendaye kwa moyo wote,
Mwanamize