Mpangaji Asiyegombea Mpaka

Mhezi,
Jumatano, 14 Julai 1993

Mdogo wangu mpendwa Ernesta,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakipokea barua ya nyumbani ni kuruka salamu na kukimbilia habari za chini. Wewe kosa hilo unalo tangu darasa la tatu. Safari hii nakuomba usome kwa mpangilio, ukiwa umekaa, na mlango umefungwa.

Hujambo lakini? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo baridi ya mwezi huu imeligeuza bawaba yenye kutu. Kahawa inaiva kwa kusitasita na ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la huko Same? Na wagonjwa wako zahanati?

Barua yako niliipata juzi Jumatatu kwa mkono wa Isihaka wa pikapu. Kurasa nne, na katika hizo, moja na nusu ni za kunigombeza. Unasema namchukia Asheri, mpangaji wako, bila sababu. Kwamba kila barua nauliza habari zake kama hakimu, na sasa anapotaka kumposa Eva najifanya bubu. Unasema nataka mtoto azeekee nyumbani ili mjomba asikose mtu wa kumpandishia sukari mlimani. Hilo la sukari limeniuma, ingawa nililicheka.

Sasa nikueleze, na nitaeleza polepole maana ndivyo nilivyo. Miaka ile yote mliyoambiwa kuwa mimi ni mkaguzi wa shule, sikukagua hata daftari moja. Nilikuwa Usalama, miaka kumi na tisa. Najua ulihisi. Mama naye alihisi, akafa bila kuuliza. Nilipostaafu mwaka wa themanini na sita nilirudi huku, nikashika jembe, nikaamini yamekwisha.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Hamdani. Kazi nilimfundisha mwenyewe, na leo naona aibu kulisema hilo. Alikuja na gari jeupe lenye antena ndefu, akasimama gulioni, akawauliza watu watatu, mmoja baada ya mwingine, yule mzee wa Usalama anakaa wapi. Miaka saba ya kuwa mkaguzi mstaafu ikateketea kwa dakika tano. Jenoveva wa dukani sasa ananiamkia kwa kunong'ona, na kwenye jumuiya mtu akitaka kulalamikia bei ya mbolea ananitazama kwanza. Nilimwuliza Hamdani kama siku hizi chuo kinafundisha na kupiga tarumbeta. Akacheka, akasema shikamoo mzee, nchi inakuhitaji. Nikamwambia marahaba, basi nchi ianze na goti.

Shida yake ilikuwa hii. Serikali imepima madini yote ya jasi ya upande wa Makanya, na ramani zake ni siri hadi siku ya zabuni. Siku hizi kila kitu ruksa, wanunuzi wanatoka kila pembe ya dunia, na atakayeziona mapema atajua wapi pa kuchukua na wapi pa kuwaachia wenzake vumbi. Ramani hizo zilikuwa zinavuka mpaka wa nchi pale Holili, moja baada ya nyingine. Walimshuku karani mmoja wa ofisi ya upimaji pale Same, mpole, mgeni mjini, anayesema kwao ni Mamba, huku huku milimani kwetu. Ushahidi hawakuwa nao. Walitaka mtu wa milimani amtazame bila yeye kujua kuwa anatazamwa.

Ndiyo, Ernesta. Ni Asheri. Usisimame. Kaa.

Utakumbuka ulivyoniandikia mwezi wa nne, kwa furaha, jinsi jirani Kurwa alivyousogeza mpaka hatua mbili ndani ya kile kiwanja alichonunua Asheri, na Asheri akasema yaishe, ardhi ni ya Mungu. Uliandika kuwa hujapata kuona kijana mwenye moyo kama huo. Mimi niliweka kikombe chini. Mpare amesogezewa mpaka hatua mbili, akasema yaishe? Hakuita balozi wa nyumba kumi? Hakupima kwa kamba? Baba yetu alishtakiana na Mzee Vitus kwa shina moja la mgomba tangu mwaka wa hamsini na moja hadi sitini na mbili. Mgomba wenyewe ulikufa mwaka wa hamsini na tatu, kesi ikaendelea. Na siku za baraza walikwenda pamoja, wakila makande ya mfuko mmoja njiani. Watu wa nje hutucheka kwa hili na kutuita wachoyo. Hawaelewi. Kwetu mtu hupeleka kesi ili ionekane ana watu nyuma yake. Balozi atauliza: wewe mtoto wa nani, wa kitongoji gani, nani atakusimamia? Asheri hakutaka kuulizwa maswali hayo.

Nilimweleza Hamdani. Akaniambia kusamehe si kosa la jinai. Nikamwambia aende tu Mamba akaulize. Ilimchukua wiki sita, eti petroli, eti kibali cha petroli, eti aliyetakiwa kusaini kibali yuko semina. Mwisho akarudi na jibu: Mamba hawamjui.

Hadi hapa bado unaweza kunihurumia. Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Ni mimi niliyekuletea Asheri. Nilipokuandikia kwamba kuna karani anatafuta chumba, na kwamba kodi itakufaa kwa kuwa mshahara wa unesi hautoshi hata sabuni, sikuwa nakuonea huruma. Hamdani aliniuliza mtu huyo akae wapi tumwone vizuri. Nikajibu kwa dada yangu, kwa sababu dada yangu hawezi kunyamaza na kila wiki ananiandikia kurasa nne. Wakamtuma mtu ofisini kwake amwelekeze kwako. Goti halikuniruhusu kushuka, wala sikuhitaji kushuka. Nilikuuliza anaamka saa ngapi, nani amemtembelea, anapokea barua kutoka wapi. Ulijibu yote, na chini ukaniwekea salamu za Eva. Niliyanakili maneno yako kwa mwandiko wangu nikampa Hamdani. Taarifa bora alizozipata mwaka huu umeziandika wewe. Na niseme lote: nilifurahi. Baada ya miaka saba ya kuchambua buni, mtu alikuwa amepanda mlima kuniuliza naonaje.

Nilipanga kila kitu, nikasahau kuwa nyumbani kwako kuna msichana wa miaka ishirini na miwili.

Juzi barua yako ilipofika, Hamdani alikuwa hapa. Nilimsomea kwa sauti, nikijivuna, kama mwalimu anayesoma insha ya mwanafunzi wake hodari. Kwenye ukurasa wa tatu nikatamka kabla sijafikiri: Ijumaa Eva atapanda basi la Moshi, aende hadi Holili, avuke kumpelekea shangazi yake Asheri kifurushi cha vitenge kilichoshonwa kwa uzi, heshima ya mkwe. Niliikunja barua katikati ya sentensi. Hamdani alikuwa ameshaandika siku na saa.

Nikamwambia mtoto hajui kitu, mkamateni huyo mwanamume leo. Akasema hapana, anamtaka yule anayepokea, kwa hiyo Eva lazima aufikie mpaka. Nikamwuliza, na mahakamani je, nani ataonekana alibeba? Akanipigapiga begani. Akasema, mzee, si wewe uliyetufundisha kuwa chambo hakiulizwi? Ni kweli. Niliandika hivyo ubaoni kwa chaki, mwaka wa sabini na nane, na vijana kumi na wawili wakanakili.

Ameniamuru nisishuke mlimani hadi Jumamosi. Dereva wake amekaa barazani kwangu anakunywa chai na kulalamika kuwa haina tangawizi. Anadhani nakuandikia habari za kahawa, kama kila Jumatano. Isihaka anapiga honi, ana kabichi za kuwahisha. Kwa karatasi hizi navunja kiapo nilichokishika maisha yangu yote, na wakizikuta watajua nani kaandika. Kwa hiyo ukimaliza, zichome jikoni.

Usimwulize Asheri kama ni kweli. Najua ndilo la kwanza ulilotaka kufanya, na ndiyo sababu sikuanza na mwisho. Eva usimfokee. Mwambie mjomba ndiye aliyekosa, na amwage hasira zake kwangu. Mkiamua kutonisemesha tena nitaelewa, mradi muwe mmekaa nyumbani wote wawili.

Wifi yako Honorata anakusalimu sana. Yeye hajui lolote, amekuwekea maparachichi tu kwenye kapu la Isihaka. Wasalimie majirani, na Kurwa pia, ambaye kwa uchoyo wake ameisaidia serikali kuliko ofisi nzima ya Hamdani. Mungu akulinde, mdogo wangu.

Leo, Asheri akiwa bado kazini, chukua kifurushi hicho bila kukifungua, nenda na Eva kituo cha polisi, mumkabidhi mkuu wa kituo mkononi, na msiondoke mpaka aandike kitabuni kwamba aliyekileta ni Eva mwenyewe.

Kaka yako,
Novatus