Humba ya Sikukuu na Chupa za Baba Mkwe

Loay, Bohol
27 Mei

Kwa Dada Crisanta mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko utawani, na pole kwa baridi ya Baguio. Magoti yanaendeleaje? Mama mkuu bado anakuamsha alfajiri? Sisi huku hatujambo. Mume wangu Vicente mzima, watoto wanakua, ni nguruwe mmoja tu aliyetutoka, na huyo ndiye sababu ya barua hii.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya San Isidro, Mama mkwe Perpetua aliteleza uani akateguka mkono. Unajua miaka sita ndani ya nyumba hii kazi yangu ni kumenya vitunguu saumu. Humba ya sikukuu, nyama ya nguruwe ya mchuzi mtamu, hupikwa na yeye peke yake. Safari hii aliniita mbele ya ukoo mzima akasema nitapika mimi. Ikitoka vizuri, lile sufuria kubwa alilopewa na mama mkwe wake litakuwa langu. Ikiharibika, litakwenda kwa mke wa shemeji yangu, ambaye hata wali wa jiko la umeme unamshinda. Dada, nililitaka sufuria lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilipika kama kwetu: nyama ya mafuta, siki, sosi ya soya, maua makavu ya mgomba, halafu soda ya ndimu, ichemke mpaka ikauke, sukari yake inate na nyama ing'ae. Soda nilikuwa nimeweka chupa tatu kubwa. Lakini milango ya sikukuu haifungwi, na saa mbili asubuhi wasimamizi wetu wa ndoa walishafika na kiu yao. Walizimaliza zote huku wakisifu ukarimu wetu. Nikakimbilia dukani, nikakuta sabuni na dagaa wa kopo. Nyama iko motoni.

Zilibaki chupa za Baba mkwe Anselmo. Mzee ana sukari, na kwa miaka minne mkewe amekuwa akimwagizia mjini soda isiyo na sukari, anaificha chini ya ngazi. Nilipomwomba Mama mkwe chupa mbili, alicheka.

“Mwanangu, hiyo niliijaribu Krismasi, chupa ikitoka mjini siku hiyohiyo. Mchuzi ulitoka kama maji ya kuoshea vyombo. Haya tia, ujifunze.”

Nikatia. Dada, ilikauka ikanata, ikang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Wageni walifuta sahani kwa wali, wakaomba tena. Mama mkwe akachovya kidole, akalamba. Akaenda chini ya ngazi, akafungua chupa nyingine, akaonja. Kisha akamwita mumewe kwa majina yake yote matatu.

Baba mkwe alisema leo ni siku ya mtakatifu, huenda ni muujiza, mbona kule Kana maji yaligeuka divai.

“Kule Kana hapakuwa na mgonjwa wa sukari,” akajibiwa.

Mzee akainamisha kichwa, akakiri kwamba amekuwa akibadilisha soda mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda changu cha vitunguu, akalia.

“Miaka minne, Anselmo. Miaka minne nakula samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, nisikuache mezani peke yako.”

Wageni waliangalia sahani zao kwa huzuni, na sitasema uongo, waliendelea kula.

Sasa nikuambie nisichomwambia Vicente. Aliyekuwa akibadilisha ni mimi. Kila Jumamosi, Mama mkwe akienda kwaya, najaza soda ya sukari katika chupa zile, na ile nyingine nakunywa mimi. Hivyo mnavyonisifia nimekonda, siri ni hiyo. Mzee aliniomba, na ndiye aliyeniita binti yake tangu siku ya kwanza, nikashindwa kukataa. Baya zaidi, nilipotia soda ile nilijua kilichomo. Ningeiacha humba iharibike, mzee apone aibu. Nikalitazama sufuria, nikamuuza.

Kesho yake nilimfuata Mama mkwe uani nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mchele kwa ule mkono mzima.

“Najua. Anselmo mikono inamtetemeka, hata chai anamwaga. Ataweza yeye kujaza chupa?”

Akasema sufuria ni langu, kwa kuwa humba ilikuwa tamu. Halafu akavuta kiti cha tatu kwenye meza yao. Tangu siku hiyo, mchana na jioni, tunakula samaki wa kuchemsha watu watatu. Wala hajaniambia adhabu itaisha lini. Jana nilikuwa na homa kidogo, nikachelewa mezani. Nilipofika, walikuwa hawajagusa samaki, walikuwa wananisubiri.

Karatasi inaniishia. Wasalimu watawa wenzako, ila habari ya chupa usiwasomee. Tuombee, mzee hasa.

Mdogo wako akupendaye,
Leonisa