Redio Ilikuwa Imezimwa

Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu,
Mombasa.
14 Novemba 1999

Mpendwa shemeji Gunga,

Mejumaa amekufa. Alhamisi asubuhi, ni ile presha. Amezikwa kwenu Ng'ombeni siku hiyo hiyo, ubavuni mwa baba yenu.

Asalaam aleikum. Hujambo huko Dubai? Kile kifua kimepoa? Wenzio wa melini wazima? Mimi mwili mzima. Mama yenu hataki chakula, wala hataki kusema nami.

Nakuandikia haraka kwa sababu wajomba watakuandikia. Watakwambia Chirau alikataa kuja kumzika mkewe. Sikuwepo, ni kweli. Lakini sikukataa.

Ile asubuhi nilimwacha kitandani anakunywa uji. Akaniambia nikirudi nimletee ndimu. Nikaenda zangu yadi kukwangua maboti kama siku zote.

Pale kuna boti moja ya kupeleka watalii kuvua. Imetiwa mtambo mpya. Waya za zamani nimezing'oa mimi mwenyewe, fundi Jared amesema hazitakiwi tena. Sasa chini ya boti kuna kitu kinapima kina cha maji. Kinapeleka namba kwenye kisanduku, kisanduku kinazirusha hewani, zinatokea kwenye vioo vidogo vya betri. Kimoja kwa nahodha, kimoja mbele. Na upepo vilevile, na mwendo wa boti. Nimepapasa nyuma ya kioo kwa mkono wangu. Hakuna waya.

Tukatoka kuujaribu. Nahodha Abdulbasit, Jared, na mimi. Kabla ya lolote Jared akaizima redio ya boti, ile ya kusemea na watu wa bandarini. Akasema inauchanganya mtambo. Mimi akaniweka mbele na kioo, nipige kelele namba ninayoiona, yeye aangalie kama ndiyo hiyo hiyo kwa nahodha.

Nikamuuliza, "Hizi namba zafikaje huku?"

"Zinapita hewani mzee, kama redio."

"Kama ni redio, mbona redio umeizima?"

Abdulbasit akacheka mpaka akaacha usukani. "Mjibu, fundi! Mjibu!"

Jared akasema, "Mzee Chirau, wewe soma namba. Hewa niachie mimi."

Nikasoma. Tulikuwa turudi adhuhuri. Lakini kioo changu kikawa chashikilia namba moja, kwa nahodha yabadilika na kwangu imesimama. Jared akasema turudie. Tukarudia. Tukarudia tena. Mimi nasimama pale nasema kumi na mbili, kumi na mbili, na maji ya kina hicho tulikuwa tumeyapita zamani.

Kumbe Mejumaa keshakufa. Bi Mona jirani ndiye aliyemfumba macho. Alituma mtu yadi, na Chengo, mwenzangu wa kazi, akashika redio ya yadi akaniita.

Tulipofunga kamba alasiri Chengo yuko pale gatini. Akaniambia, "Nimekuita hadi mate yamenikauka. Mkeo amekufa, ameshavushwa Feri kwenda kuzikwa."

Nilitoka na nguo za kazi. Nimefika Ng'ombeni, majembe yanaoshwa. Walingoja, kisha wazee wakasema maiti hangojeshwi. Sina la kuwalaumu. Ule mchanga wa konzi tatu niliutupa juu ya kaburi lililokwisha fukiwa. Sijui kama wahesabiwa.

Mama akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikasema baharini.

"Boti haina redio?"

"Inayo. Ilizimwa."

"Nani kaizima?"

Hapo nikasema vibaya. Nikasema, mtambo hauitaki. Mjomba Mwinyi akawageukia watu, "Haya, mmesikia. Mtambo haukutaka amzike mkewe." Mama akajifunika ushungi. Tangu hapo hajanitazama.

Shemeji, mimi sielewi. Namba ya maji yatoka chini ya boti yafika mbele bila waya, na mtu kuitwa jina lake kutoka yadi, karibu pale, sauti haifiki. Nalala nayawaza haya na hayashikani. Jared amekuja matangani, amekaa jamvini, amelia. Sikumuuliza.

Wewe ndiye fundi wa umeme wa meli. Niambie. Ni kweli redio na mtambo ule haviwezi kuwaka pamoja? Kama ni kweli, mwandikie mama umweleze, wewe atakuamini. Kama si kweli, niandikie mimi peke yangu.

Hatukujaaliwa mtoto. Undugu wangu nanyi ulikuwa ni yeye. Sasa sijui kama bado mimi ni shemeji au ni nani. Hilo nalo niambie.

Nguo zake sijazigusa. Leso mama amechukua mbili. Ndimu nilinunua jana, sijui kwa nini.

Bi Mona akupa pole. Chengo pia. Wasalimie wenzio wote wa melini. Mungu akuhifadhi na bahari, akurudishe kwenu umzuru dadako.

Ni mimi nikupendaye, kama bado wanitambua,
Chirau

Jared amesema kioo cha mbele amekitengeneza, twatoka tena kujaribu. Kesho narudi kazini.