Moto Alioniletea Mama Letisia

Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu haukusumbui tena ukikaa muda mrefu kwenye cherehani. Baba je, kifua kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku ndiyo bado inanitesa. Asubuhi nashika chaki kwa vidole visivyokunjika, na wanafunzi wananicheka kwamba mwalimu wa kutoka Muheza huvaa masweta mawili na bado anatetemeka.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningekubali kukatizwa, maana ninayotaka kusema yananiaibisha. Kwa hiyo naandika, na nakuomba uisome yote kabla hujamwita shangazi.

Ni habari ya kompyuta yangu. Ile Alhamisi nilikupigia nikilia, nikakuambia kwamba mama mwenye nyumba yangu ananiroga. Ukanijibu, “Si nilikuambia? Sumbawanga hiyo!” Mama, nilikuambia uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini ulikuwa uongo.

Mama Letisia ni mjane, umri wake kama wako au umekuzidi kidogo. Amenipangisha chumba kimoja cha nyumba yake, na tangu wiki ya kwanza alikataa nipike peke yangu. Akiletewa migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Kasanga, mkia ni wake na kipande cha katikati ni changu. Nilikuwa nakumbuka maneno yako ya stendi, nisile chakula cha watu, na siku za mwanzo nilikuwa nakula nikihesabu matonge. Hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Baridi ilipokaza alianza kuniletea jiko la mkaa chumbani. Kila jioni nikikaa kuandika mitihani, anaingia bila hodi, kama mtu anayeingia kwa mwanawe, analisukuma jiko chini ya meza, anaacha mlango wazi hewa ipite, anasema, “Ota moto, mwanangu. Nyie wa pwani mtatufia huku.” Kisha anaondoka.

Sasa kompyuta. Kwa wiki kadhaa ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Halafu siku moja ikanyamaza, nami nikafurahi nikidhani imepona. Baada ya hapo ikaanza kujizima. Nilibadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikaulaumu umeme. Kazi ya jioni nzima ikapotea mara ya kwanza, ikapotea mara ya pili. Ndipo nikaona kitu, na ninaona aibu kukuandikia nilivyokiona: ilikuwa inazimika kila mara baada ya Mama Letisia kuingia. Anaingia, anatoka, dakika kumi hazifiki, kioo kinakuwa cheusi. Siku tatu mfululizo.

Shuleni walimu wenzangu, Wafipa wenyewe wa huku, hutania sana mambo haya ya uchawi. “Mwalimu, jana ulilalia kitanda, umeamkia wapi leo?” Nilikuwa nacheka nao. Lakini mzaha ule ni wao, wanautoa wao kwa mdomo wao. Mimi niliuchukua nikaufanya ushahidi.

Alhamisi ile akina mama wa jumuiya yao ya kanisani walikuwa wamekuja kusali sebuleni. Mitihani ilitakiwa kesho yake. Mama Letisia aliwaacha wageni wake wote akaniletea jiko, akarudi kwenye sala. Nilikuwa nimebakiza maswali mawili, kompyuta ikazimika. Nikatoka. Sikusubiri hata wamalize sala.

Nikasema, “Mama Letisia, kila ukiingia chumbani kwangu kompyuta inakufa. Kumbe waliyoniambia nyumbani kuhusu Sumbawanga ni kweli.”

Hakuna aliyenigombeza. Ningefurahi wangenigombeza. Rozari zilikuwa mikononi mwao na hakuna mkono uliosogea. Mama Letisia alinitazama, akasema, “Mimi nilileta moto tu.”

Nikarudi chumbani, nikakupigia wewe.

Jumamosi nikamwita fundi wa mjini, mtu mzima mwenye maneno mengi. Akafungua kasha, akachungulia, akaguna. “Mwalimu, humu mnachoma mishikaki?”

“Hapana. Kwa nini?”

“Majivu haya ya nini?” Akaigusa feni ndogo ya ndani kwa ncha ya bisibisi. Haikuzunguka. Majivu na vumbi vilikuwa vimeshikana na mafuta yake vikawa kama udongo. “Hii imekufa zamani. Mashine isiyo na feni ikipata joto inajizima yenyewe isiungue. Ina akili kuliko mwenyewe.” Kisha akaona jiko chini ya meza, akacheka mpaka akakaa kitandani. “Na moto mmeiwekea! Unafundisha somo gani, mwalimu?”

“Fizikia,” nikasema.

Akaacha kucheka. Nadhani alinionea huruma.

Mama, mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu jinsi joto linavyosafiri. Ningefanya jaribio dogo tu, niiwashe asubuhi pasipo jiko, ningeona inadumu karibu saa nzima. Sikujaribu, kwa sababu jibu nilikuwa nimekuja nalo kwenye basi. Na mjane wa makamo akitajwa uchawi mbele ya watu, huku si mzaha. Nimeambiwa habari za wanawake waliohama vijiji kwa neno moja la jirani. Neno hilo nililitoa mimi, niliyesomeshwa kwa cherehani yako.

Nilimwomba fundi asibadilishe feni kwanza. Alhamisi iliyofuata nikaibeba kompyuta mpaka sebuleni, nikaiweka mbele ya akina mama wale wale, ubavu wazi, jiko chini yake. Nikawaeleza, tukasubiri. Ilipozimika yenyewe, Mama Letisia akiwa kiti cha mbali, mmoja akapiga makofi: “Kumbe mchawi ni feni!” Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikapiga magoti mbele yake, kama wanawake wa huku wanavyowasalimu wakubwa, nikamwomba msamaha.

“Nimesikia, mwanangu,” akasema. “Inuka, sakafu ni baridi.”

Feni mpya imewekwa, kompyuta inafanya kazi. Lakini siku hizi Mama Letisia anapiga hodi. Anasimama nje ya mlango mpaka niitike, hata akiwa na sahani mkononi. Jiko haniletei tena. Nilimwomba, akasema, “Nisije nikakuharibia kitu chako.” Na jirani wa upande wa pili, ambaye hakuwepo siku ya feni ila habari ya kwanza aliipata, hamtumi tena binti yake kuja kuomba chumvi. Nimekwenda kwake mara mbili kumweleza. Anaitikia kwa kichwa, na binti haji.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua kuwa ulimwambia shangazi, na shangazi akaitisha dua, na wote waliokuja kwenye dua walitajiwa jina la Mama Letisia. Mjomba naye amekwisha kuanza kuniulizia uhamisho. Mwambie aache. Sihami. Siwezi kuliacha neno langu humu ndani alale nalo yeye.

Nakuomba, mama, uwaite watu wale wale, ukae nao pale pale ulipokaa, uwasomee barua hii kwa sauti. Usiifupishe. Usiseme “mtoto alichanganyikiwa na baridi.” Waambie ni mimi.

Msalimie Baba, nitamtumia asali. Shangazi Mwanahawa mpe shikamoo yangu, na asiudhike. Dua yake naihitaji bado, ila kwa jambo jingine. Mdogo wangu Sauda mwambie asome kwa bidii, na akifika mahali pageni aulize kwanza. Bibi mbusu mikono yote miwili.

Jana nilimwambia Mama Letisia kwamba nakuandikia. Akauliza, “Naye alisikia yale?” Nikasema ndiyo, alisikia. Alikuwa anachambua maharage. Akatoa kijiwe, akakitupa pembeni. Kisha akasema, bila kuinua macho, “Msalimie.”

Mwanao,
Mwanaidi